Jinsi ya kuzitambua tamathali za semi za Kiingereza na kueleza kazi yake

Kila ninaposahihisha majibu ya fasihi ya Kiingereza nakutana na sentensi ileile: mshairi ametumia sitiari ili kulifanya shairi lake livutie. Jina la tamathali ni sahihi, na mstari ulionukuliwa ndio wenyewe. Ila sentensi hiyo unaweza kuibandika kwenye shairi lolote lililowahi kuandikwa duniani na isikosee, na jibu linaloenea kila mahali halijasema kitu. Mwanafunzi anapata alama ya kutaja, anakosa alama za kueleza, kisha anaondoka akiamini kwamba Kiingereza kimemshinda.

Nasikitika, kwa sababu mtoto huyo amelelewa kwenye vitendawili, mafumbo, misemo ya kanga na vijembe vya taarab. Alijua kusema jambo kwa kuzunguka kabla hajajua kuandika jina lake. Anachokosa ni utaratibu wa kufanyia kazi, na mtu wa kumwonyesha sehemu chache ambazo sikio la Kiswahili humdanganya. Hayo ndiyo nitakayoyaeleza hapa, kwa ajili ya mwanafunzi wa sekondari na kwa ajili ya mtu mzima anayetaka kusikiliza hotuba ya Kiingereza akajua anafanyiwa nini.

Tafuta penseli, daftari, na kipande cha Kiingereza kisichozidi ukurasa mmoja. Mimi nitatumia zaidi hotuba kuliko mashairi. Hotuba ina tarehe, ina mahali na ina watu waliokuwa wamekaa wakisikiliza, hivyo ni rahisi kuuliza maneno yalikusudiwa kumfanya nani afanye nini.

Kwanza, kuhusu majina

Waingereza waliazima majina ya tamathali zao kwa Wagiriki na Warumi. Neno "metaphor" lenyewe ni la Kigiriki, na asili yake ni kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali. Sisi tuliazima mengi kwa Waarabu: tashbihi, istiara, tashihisi, kinaya, balagha. Majina yakisafiri hubadilika. Kwa wanazuoni wa Kiarabu kinaya ni kukitaja kitu kwa kuzunguka, kupitia sifa inayoambatana nacho, lakini madarasani kwetu kinaya ni hali ya maneno au matukio kwenda kinyume na kinachokusudiwa au kinachotarajiwa. Kwa hiyo usikariri jedwali la majina ya lugha mbili ukidhani kila jina lina pacha wake. Gawa ukurasa wa daftari safu tatu: jina la Kiingereza, jina la Kiswahili unalolifahamu, na mfano mmoja ulioutunga wewe mwenyewe. Safu ya tatu ndiyo itakayokuokoa siku ya mtihani.

Hatua ya 1: Soma kwa sauti mara mbili, penseli ikiwa mezani

Tamathali nyingi za Kiingereza zilitengenezwa kwa ajili ya sikio. Ukisoma kimya utazipita. Chukua maneno ya Abraham Lincoln pale Gettysburg, Pennsylvania, tarehe 19 Novemba 1863, kwenye makaburi ya askari waliokufa vitani. Msemaji aliyemtangulia alizungumza kwa takriban saa mbili. Lincoln alisema maneno yapatayo 270 na kuketi. Mwishoni alisema: "government of the people, by the people, for the people".

Isome ukitilia mkazo "of", "by" na "for". Kisha isome tena ukiutia mkazo kwenye "people" mara zote tatu. Usomaji wa kwanza unaeleza namna tatu za serikali kuhusiana na watu. Usomaji wa pili unawarudisha watu wenyewe mbele ya msikilizaji, mara tatu, kama mtu anayegonga meza. Maana zote mbili zimo, na hakuna hata moja utakayoipata kwa macho peke yake.

Hatua ya 2: Zungushia kila kinachojirudia

Sasa shika penseli. Anza na takriri, maana ndiyo rahisi kuonekana na ndiyo inayobeba hotuba nyingi za Kiingereza. Zungushia neno, kikundi cha maneno au sauti inayorudi, kisha angalia imekaa wapi.

Ikiwa mwanzoni mwa kila kipande, Kiingereza huiita "anaphora". Mfano mzuri ni Winston Churchill bungeni London, tarehe 4 Juni 1940, siku ambazo wanajeshi zaidi ya 338,000 walikuwa wamekwisha kuondolewa Dunkirk, pwani ya Ufaransa, kwa meli na mashua: "we shall fight on the beaches, we shall fight on the landing grounds, we shall fight in the fields and in the streets, we shall fight in the hills, we shall never surrender". Wengi huishia kusema kwamba takriri hii inasisitiza. Endelea mbele kidogo. Fuata mahali panapotajwa: ufukweni, kwenye viwanja vya kutua, mashambani na mitaani, milimani. Orodha hiyo inatoka pwani kuingia bara. Kila "we shall fight" inakubali bila kutamka kwamba adui huenda ameshapateka mahali pa awali. Maneno yanasema tutapigana, ramani iliyo chini yake inasema huenda tukarudi nyuma. Kisha kipande cha mwisho kinavunja mazoea: sikio linasubiri "fight" tena, linapewa "never surrender". Ukiona takriri, tafuta daima palipobadilika. Msemaji huficha uzito wake hapo.

Ikiwa neno linarudi mwishoni mwa kila kipande, kama "people" la Lincoln, huitwa "epistrophe".

Zipo pia takriri za sauti, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wetu tunapoteleza. Takriri ya konsonanti mwanzoni mwa maneno yanayokaribiana huitwa "alliteration". Sikio la Kiswahili limezoea mwanzo wa maneno kufanana, kwa sababu sarufi yetu yenyewe inadai hivyo: kitabu kile kizuri kimepotea, watoto wale wawili wamelala. Hatukuchagua ki- wala wa-, upatanisho wa ngeli umetuchagulia. Kiingereza hakina sheria ya namna hiyo. Mwandishi wa Kiingereza akiyaweka maneno matatu yanayoanza kwa sauti moja, mara nyingi ameyatafuta. Hivyo jambo ambalo sikio lako linalipita kama la kawaida, kwa Kiingereza ni uamuzi wa mtu.

La pili: hesabu sauti, usihesabu herufi. Nimetunga kipande hiki cha kufanyia zoezi: "the cold and crowded quay". Herufi ni c, c na q, lakini sauti ni k zote tatu, maana "quay" hutamkwa karibu na "kii". Hiyo ni alliteration. Lakini "cold city" si alliteration, ingawa maneno yote mawili yanaanza kwa c, kwa kuwa "city" huanza kwa sauti ya s. Vilevile "phone" na "fun" zinalandana, na "knight" huanza kwa n. Kwa Kiswahili tunasoma kilichoandikwa, kwa hiyo tumeyaamini macho. Kwa Kiingereza mpe mtu akusomee, au soma mwenyewe kwa sauti.

Ukishaipata sauti, uliza inaufanya nini mdomo. Sauti za k, t na p hukata, s huteleza, m na n huvuma. Usiseme kwamba s daima ni nyoka au upepo. Tazama mstari unazungumzia nini, kisha uone kama sauti inaufuata au inaupinga.

Hatua ya 3: Tafuta kitu kilichopewa jina la kitu kingine

Tashbihi, yaani "simile", ina kilinganishi. Sisi tunacho kama, mithili ya, mfano wa, utadhani. Wao wana "like", "as", "as if". Mitego ni miwili. Neno "like" huweza kuwa kitenzi cha kupenda, na wapo wanaolizungushia hata hapo. Pia si kila ulinganisho ni tashbihi. Ukisema mji mmoja una joto kama mji mwingine, umetoa taarifa. Tashbihi inahitaji vitu vya jinsi mbili tofauti vinavyokutanishwa kwenye sifa moja.

Sitiari, "metaphor", inaondoa kilinganishi na kusema kitu hiki ndicho kile. Kazi yako ni kuuliza maswali matatu: kinachozungumzwa ni nini, kimeitwa nini, na sifa gani za hicho cha pili zimehamia kwa cha kwanza? Kisha ongeza swali la nne, ambalo karibu hakuna anayeliuliza: sitiari hii inaficha nini?

Tufanye pamoja. Tarehe 3 Februari 1960, waziri mkuu wa Uingereza Harold Macmillan alisimama mbele ya bunge la Afrika Kusini mjini Cape Town akasema: "The wind of change is blowing through this continent". Kinachozungumzwa ni mwamko wa Waafrika kudai kujitawala. Kimeitwa upepo. Upepo hauna mwenyewe, hauombi ruhusa, huwezi kuukamata na kuufunga gerezani, na mwenye akili hufunga madirisha au hugeuza tanga. Hivyo Macmillan anawaambia wabunge wale kwamba kushindana na jambo hili ni kushindana na hali ya hewa. Ni onyo zito lililosemwa kwa upole.

Na inaficha nini? Upepo hauna uso. Kwenye sentensi hiyo hakuna mkulima aliyefukuzwa kwenye ardhi yake, hakuna aliyelala kizuizini, hakuna mwanamke aliyetembea vijiji vizima akiuza kadi za chama. Kuna hewa tu inayopita. Uhuru unakuwa kitu kilichotokea, wakati kwa hakika ni kitu kilichofanywa na watu. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, Uganda Oktoba 1962, Kenya Desemba 1963, na leo bado tunasema upepo wa mabadiliko kwa Kiswahili, tukiibeba sitiari ya mtu aliyekuwa akifungasha. Mimi sina ugomvi na uzuri wake. Nataka tu anayeitumia ajue kilichomo.

Sitiari ikiendelea kwa sentensi kadhaa huitwa "extended metaphor". Martin Luther King, Washington, tarehe 28 Agosti 1963, alisema kwamba Marekani imewapa raia wake weusi hundi mbovu iliyorudishwa na benki ikiwa imeandikwa "insufficient funds", fedha hazitoshi. Kisha akaendelea na benki, akiba na malipo. Angalia kilichotendeka: haki ilikuwa ikizungumzwa kama fadhila inayoombwa, sasa imekuwa deni linalodaiwa. Anayedai deni hapigi magoti.

Kwenye tashihisi, "personification", kuna ishara moja ya Kiingereza ambayo tunaipita kwa urahisi kwa sababu lugha yetu haitofautishi mwanamume na mwanamke kwenye sarufi. Kitu kisicho na uhai kwa kawaida huitwa "it". Kikiitwa "she" au "he", kama mwezi, meli, nchi au mauti, mwandishi amekipa utu. Kwetu jambo hilo hufanyika kwa kuhamisha ngeli: mauti yalifika ni taarifa, mauti alibisha hodi ni tashihisi. Kwa hiyo unaposoma shairi la Kiingereza, pigia mstari viwakilishi vyote kabla ya jambo lingine.

Halafu ipo taashira, "metonymy", ambayo watoto huiogopa kwa jina lake tu. Wanaitumia kila siku. Ukisikia redioni kwamba Ikulu imesema, jengo halijafungua mdomo. Ni mtindo uleule wa Waingereza kusema "the Crown" wakimaanisha dola, au Wamarekani kusema "Washington" wakimaanisha serikali yao. Ikiwa ni sehemu ya kitu iliyosimamia kitu kizima, kama "hands" kwa maana ya wafanyakazi, huitwa "synecdoche", sinekdoki.

Tahadhari moja kubwa kwenye hatua hii: picha haina maana ileile kila mahali. Bundi kwa Waingereza ni ndege wa hekima, na kwetu akilia juu ya paa watu hawalali vizuri. Kivuli kwa Kiingereza mara nyingi ni tishio, mtu akiwa "in the shadow of" kitu amebanwa au amefunikwa, ilhali kwetu kivuli cha mwembe ni mahali pa kupumzikia, na mtu mwema husifiwa kuwa ni kivuli cha wengi. Kiangazi cha Uingereza ni furaha, maana ndipo baridi inapoondoka. Ukifasiri jua na kivuli cha shairi la Kiingereza kwa jua la Dodoma utapotea moja kwa moja. Jiulize kwanza mtu wa huko, kwenye hali yake ya hewa, anakiona vipi kitu hicho.

Hatua ya 4: Itazame sentensi kama unavyotazama mkeka

Sasa achana na maneno moja moja, tazama ufumaji. Vipande vya sentensi vyenye umbo moja vikipangwa kando kwa kando ni usambamba, "parallelism". Nelson Mandela, mahakamani Pretoria tarehe 20 Aprili 1964, alisema: "I have fought against white domination, and I have fought against black domination". Neno moja tu limebadilika, vilivyobaki vimelingana. Umbo lenyewe ni mizani yenye sahani mbili zilizokaa sawa, na ndiyo hoja aliyokuwa akiitoa.

Usambamba ukikutanisha vinyume ni tanakuzi, "antithesis". Na maneno yakirudi kwa mpangilio uliogeuzwa, huitwa "chiasmus". John Kennedy tarehe 20 Januari 1961: "ask not what your country can do for you, ask what you can do for your country". Nchi na wewe wamebadilishana viti. Msikilizaji aliyeingia kwenye sentensi akiwa mdai anatoka akiwa mdaiwa.

Lakini sentensi ninayoipenda kuliko zote kwa zoezi hili ilisemwa na mtu wetu, kwa Kiingereza, katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika tarehe 22 Oktoba 1959. Julius Nyerere alisema kwamba watu wa Tanganyika wangependa kuwasha mshumaa na kuuweka juu ya mlima Kilimanjaro, uangaze nje ya mipaka, "giving hope where there was despair, love where there was hate, and dignity where before there was only humiliation".

Iandike katika mistari mitatu, kila jozi mstari wake:

giving hope where there was despair
love where there was hate
and dignity where before there was only humiliation

Ukiitazama hivyo utaona usambamba, maana umbo ni moja mara tatu. Utaona tanakuzi: tumaini na kukata tamaa, upendo na chuki, heshima na kudhalilishwa. Utaona utatu, ambao Kiingereza huuita "tricolon". Sasa hesabu silabi za sifa njema: "hope" moja, "love" moja, "dignity" tatu. Kinyume cha mwisho, "humiliation", kina tano. Mstari wa tatu ni mrefu kuliko wenzake, na umeongezewa maneno mawili ambayo mingine haina: "before" na "only". Kwa nini hapo? Kwa sababu kukata tamaa na chuki vinaweza kumpata binadamu yeyote popote. Kudhalilishwa, tena kabla na pasipo kingine, ndiyo historia mahususi ya watu waliotawaliwa. Sentensi inaanza na mambo ya watu wote duniani, inatua kwenye jeraha letu. Mpangilio wa namna hii, wa kupanda kutoka kidogo kwenda kikubwa, huitwa "climax".

Msomaji wa Kikristo atasikia pia mwangwi wa sala inayohusishwa na Mtakatifu Fransisko wa Assisi, yenye upendo palipo na chuki na tumaini palipo na kukata tamaa. Kugusia maandishi au maneno ambayo msikilizaji anayajua bila kuyataja ni "allusion". King alifanya vivyo hivyo karibu na mwanzo wa hotuba yake, aliposema "Five score years ago", mbele ya sanamu ya Lincoln, akimrudia Lincoln aliyeanza na "Four score and seven years ago". Neno "score" hapo ni ishirini. Mara nne na saba juu ni miaka 87, ukiitoa kwenye 1863 unafika 1776, mwaka wa tangazo la uhuru wa Marekani. Ukikutana na namna ya kuhesabu au neno la kizamani lisilo na sababu ya kuwapo, shuku kwamba mtu anamwita mtu mwingine.

Mjalizo, "asyndeton", utautambua mara moja: viunganishi vimeondolewa. Alifika, akatazama, akanyamaza, akaondoka. Hukimbiza.

Hatua ya 5: Uliza kama msemaji anamaanisha anachosema

Hatua hii ni fupi kueleza na ngumu kufanya. Kinaya cha maneno, "verbal irony", hakina alama. Mvua inanyesha, mtu anasema "What lovely weather". Njia pekee ni kulinganisha maneno na hali. Vikipingana, ama msemaji haelewi ama anakusudia kinyume, na maandishi yatakuonyesha ni lipi. Kikiambatana na nia ya kuumiza ni "sarcasm", kejeli yenye makali.

Chuku, yaani "hyperbole", ni kutia chumvi, na hujitangaza yenyewe. Kinachowashinda wengi ni upande wa pili, kupunguza. Mwingereza aliyefurahi sana anaweza kusema "not bad", na msomaji wetu akadhani hakupenda. Kusema jambo kwa kukanusha kinyume chake ni "litotes", nasi tunayo kila siku: ukimuuliza mzee biashara vipi, akakujibu si haba, basi ujue mambo yake ni mazuri. Tarehe 25 Aprili 1953, wanasayansi Watson na Crick walipotangaza umbo la DNA, molekuli inayobeba urithi wa viumbe, katika jarida la Nature, walianza sentensi yao muhimu kabisa kwa "It has not escaped our notice". Waliona njia ambayo uhai unaweza kutumia kujinakili, wakasema jambo hilo halijawapita bila kuliona.

Tafsida ni "euphemism". Msiba unatufundisha wote: wao "passed away", sisi ametutoka. Swali la balagha ni "rhetorical question", na unapolitaja usisahau kuandika jibu ambalo msemaji anataka tulitoe wenyewe.

Ukipewa shairi: sikio linadanganya mara mbili

Tumezoea mizani kuwa hesabu ya silabi, nane kwa nane katika mashairi mengi. Shairi la kimapokeo la Kiingereza huhesabu pia mkazo. Kiswahili huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno, ndiyo maana hatuufikirii. Kiingereza huurusha popote. Piga kofi kwenye mstari huu nilioutunga: "The boats came home before the rain began". Silabi kumi, makofi matano: boats, home, -fore, rain, -gan. Dhaifu kisha nguvu, mara tano, na jina lake ni "iambic pentameter". Mshairi akiuvunja mpigo huo mahali, hapo pana jambo.

Vina navyo vinatofautiana. Kwetu silabi ya mwisho ikifanana, kina kimepatikana: bahari na safari, nyumba na kamba. Kwa Kiingereza kufanana lazima kuanzie kwenye irabu yenye mkazo. "Nation" na "station" ni kina kamili. "Nation" na "lotion" zimeshirikiana silabi ya mwisho tu, na haitoshi. Na tena usiamini tahajia: "through" ina kina na "blue" lakini haina kina na "though".

Hatua ya 6: Andika aya

Kwa kila tamathali andika mambo manne mfululizo: jina, maneno yenyewe ndani ya alama za kunukuu, inafanya nini, na kwa nini hapo. Jibu dhaifu kuhusu Macmillan lingesema ametumia sitiari kuipamba hotuba. Jibu zuri lingeandikwa hivi: "By calling African nationalism a wind, Macmillan presents it as a force of nature that no parliament can vote against." Sentensi moja, na huwezi kuihamishia kwenye hotuba nyingine.

Hicho ndicho kipimo chako. Funika jina la matini, soma sentensi yako. Kama ingeweza kuwa ya shairi lingine lolote, ifute. Futa pia "interesting", "beautiful" na "effective" zisipofuatwa na maelezo. Tumia vitenzi vinavyofanya kazi: "suggests", "contrasts", "echoes", "hides", "slows", "turns". Na usikusanye tamathali kumi kama anayeokota kombe ufukweni. Tatu zilizoelezwa vizuri ni nyingi, hata kwenye maswali ya shairi ya karatasi ya pili ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, au insha ya fasihi ya kidato cha nne Tanzania.

Hatua ya 7: Itafsiri, utazame kinachovunjika

Hii nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo silaha uliyonayo wewe ambayo mwanafunzi wa London anayejua Kiingereza tu hana. Chukua kipande chako ukitie kwenye Kiswahili. Kinachokataa kupita ndicho kilichokuwa kimetengenezwa kwa Kiingereza chenyewe. Jaribu Lincoln: serikali ya watu, iliyowekwa na watu, kwa ajili ya watu. Maana imefika salama, lakini "of", "by" na "for", vile vineno vitatu vya silabi moja moja, vimekuwa "ya", "iliyowekwa na" na "kwa ajili ya". Mpigo umetawanyika. Sasa unajua kwa hakika, bila kusoma popote, kwamba nguvu ya sentensi ile ilikuwa kwenye ufupi wa maneno yake madogo.

Wakati mwingine tafsiri huongeza. Nyerere alisema "candle", mshumaa, kitu kidogo cha mezani ambacho upepo wa Kilimanjaro, mita 5,895 juu, ungeuzima mara moja. Kwa Kiingereza uzuri uko kwenye udogo huo: nchi changa, nuru ndogo, mahali pa juu kuliko pote Afrika. Kiswahili tunachokijua wote hakisemi mshumaa, kinasema mwenge. Mwenge haushikwi na mtu aliyeketi, hukimbizwa mkono kwa mkono. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge huo hadi kileleni pamoja na bendera. Andika ukurasa mmoja wa daftari lako juu ya tofauti ya maneno hayo mawili, mshumaa na mwenge, kisha chagua sentensi nyingine uanze tena hatua ya kwanza.